Nilimnyang'anya mama pampu ya pumu kwa sababu ya mbwa wa maabara

Wakuu, wenye umri wao shikamooni, wa rika langu mambo.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sijapunguza pale ninapoonekana mjinga, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uzi. Mama yangu ni mzima, na ameniruhusu niandike kwa sharti moja tu: nisiseme kwamba alilia.

Kwa hiyo hakulia. Tuendelee.

Mimi ni mtu wa Kibosho, nina duka la dawa za mifugo hapa Moshi mjini. Sio daktari wa binadamu, sio hata daktari wa ng'ombe. Nina cheti changu cha mifugo na kaunta yangu, basi.

Ila nyumbani kwetu, mtu mwenye duka la dawa ni daktari, hata kama ni dawa ya kupe. Mtoto wa jirani akikohoa wananipigia. Mbuzi asipokula wananipigia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa napokea simu na kutoa majibu.

Mama anaitwa Mama Deo, na Deo ndiye mimi. Anaishi kule juu kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na dada yangu Felista pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa bandani.

Mama ana pumu ya miaka mingi. Ana pampu mbili. Ya bluu ni ya kuvuta kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kuvuta kila siku, asubuhi na jioni, hata kama anajisikia mzima. Zote mbili yeye anaziita filimbi.

Kitu kingine mkijue mapema: mama anakunywa kahawa. Wengi huku tunailima tu, mezani tunakunywa chai. Mama hapana. Anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe, na asubuhi kabla hajapata kikombe chake usimwambie kitu.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyoanza.

Jumapili moja mwezi wa saba nilipanda nyumbani. Tumetoka kanisani, tumekaa mezani: mimi, mama, Felista, na baba mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu baba. Kihamba chake kimepakana na chetu, na kila Jumapili anakula kwetu.

Mama akaniambia, "Deo, hii filimbi ya bluu siku hizi nikiivuta moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka. Juzi nimemwaga maziwa. Hebu niangalizie wameandika nini."

Mtu mwenye akili angejibu, mama kesho twende hospitali ukawaulize waliokupa.

Mimi nikatoa simu.

Nikaandika jina la dawa, nikaenda moja kwa moja kwenye ule waraka mrefu wa Kiingereza, ule wa madaktari. Nikaanza kuwatafsiria kwa sauti kubwa, nimenyoosha na shingo.

Mikono kutetemeka, ipo. Moyo kwenda mbio, ipo. Mama akawa anapiga meza, "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

Ningeishia hapo leo nisingekuwa na uzi. Lakini mjuaji haishii hapo. Nikashuka chini zaidi, nikakutana na wanyama wa maabara.

Panya, mbwa, na nguruwe wadogo. Walipewa dawa za jamii ya hii ya bluu pamoja na dawa za jamii nyingine yenye jina refu, mapigo ya moyo yakavurugika, na wengine wakafa ghafla. Walipopasuliwa, msuli wa moyo ukakutwa umeharibika.

Baba mdogo akaweka kijiko chini.

"Wamekufa kabisa?" Felista akauliza.

"Ghafla," nikasema. Na nilivyolisema lile neno, utadhani nilikuwepo.

Ile jamii ya jina refu ndiyo iliyoniponza. Niliigoogle palepale. Nikakuta kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, ni ya ukoo huohuo.

Wakuu, nilijiona nimegundua kitu ambacho wazungu walikuwa wanatuficha.

Mama akanitazama. "Kwa hiyo mbwa alikunywa kahawa, akavuta filimbi, akafa."

"Sio kahawa yenyewe mama, ni ndugu yake kahawa."

"Ndugu yake ni yeye," akasema.

Baba mdogo akajaribu kuleta suluhu. "Shemeji, si uache tu kahawa?"

Yeleuwi! Ungeona mama alivyomgeukia. "Kahawa ndiyo iliyompeleka huyu shule mpaka akajua hicho Kiingereza anachotusomea. Filimbi imempeleka nani shule? Kama ni kuacha kimoja, naacha filimbi."

Tukacheka. Kweli kabisa, tulicheka. Na mimi nikasema sawa.

Sikuishia kwenye sawa. Nilichukua ya bluu, na ya kahawia nikaichukua pia, maana niliwaza kama ya bluu ina mbwa, hii nayo lazima ina mnyama wake. Nikazitia mfukoni zote mbili, nikasema naenda kuzichunguza mjini. Nikafika dukani nikazitupia kwenye droo.

Kuna jambo moja dogo msilisahau. Baada ya habari ya wale mbwa kulikuwa na sentensi nyingine, fupi. Mama aliuliza kabisa, "Na hapo mbele wanasemaje?" Nikaiangalia, nikashindwa namna ya kuiweka kwa Kiswahili, na sikutaka waone nimeshindwa. Nikamwambia, "Ni maneno ya kitaalamu tu mama." Nikazima simu.

Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Alikuwa mzee mmoja anataka dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nikamuuliza swali langu la kila siku, ng'ombe ana kilo ngapi? Ananiambia "ni wa kawaida tu." Nimegombana naye, nimemuuzia utepe wa kupimia, ule unaomzungushia ng'ombe kifuani unasoma uzito wake, kisha ndiyo arudi kuchukua dawa. Bila kilo sitoi dozi. Wateja wangu wote wananijua kwa hilo.

Hilo swali la kilo nalo mlitunze.

Basi. Wiki ya kwanza mama alinipigia kwa furaha. Moyo umetulia. Mikono haitetemeki. Anakamua ng'ombe vizuri. Nilivimba kichwa mpaka nikawahadithia na wateja: jamani angalieni hizi dawa, kuna mbwa wamekufa.

Wiki ya pili Felista akasema mama anakohoa alfajiri. Nikamwambia ni baridi. Na kweli mwezi wa nane kule juu ukungu unashuka mpaka uani, kwa hiyo jibu langu lilikubalika. Nikashauri chai ya tangawizi.

Wiki ya tatu Felista akapiga tena. "Deo, mama akitoka bandani mpaka jikoni anasimama mara mbili. Rudisha zile pampu."

Nilimjibu nini? "Felista, unataka moyo wake usimame?"

Dada yangu ni mpole, akanyamaza. Hilo jibu bado linanichoma mpaka leo, maana nilitumia uoga wake kumnyamazisha, na yeye ndiye aliyekuwa anamwona mama kila siku.

Ikafika Alhamisi.

Kwa wasiojua, sisi watu wa mlimani wengi wetu tuna kipande cha shamba huko chini tambarare, tunalima mahindi. Yakishavunwa, mabua makavu tunayapandisha na gari yaje kulisha ng'ombe. Asubuhi ile baba mdogo alipandisha pikapu imejaa mabua. Mabua yamekaa juani wiki kadhaa, ukiyagusa tu vumbi.

Sasa mama yangu mimi hawezi kumwona mtu anashusha mzigo yeye amekaa. Akajifunga kanga, akaingia kazini.

Saa nne na kitu simu yangu ikaita. Felista.

"Deo, mama hawezi kuongea."

Nikauliza, hawezi kuongea kivipi?

"Hawezi! Anavuta hewa haiingii! Filimbi ziko wapi Deo, filimbi ziko wapi?"

Ziko wapi. Ziko kwenye droo yangu, Moshi mjini, chini ya boksi la sindano za mifugo.

Wakuu, sijawahi kuogopa hivyo maisha yangu yote. Nilizitoa zile pampu, nikatoka, duka nikaliacha wazi vilevile, hela kwenye droo, kila kitu. Nikamwambia bodaboda wa pale nje, "Kibosho, mama anakufa." Yule kijana hakuuliza bei.

Baba mdogo alikuwa ameshatupa mabua yaliyobaki barabarani na kumpakia mama kwenye pikapu. Wao wanashuka, mimi napanda. Nikampigia Felista, nikamwambia washike barabara kubwa tusipishane. Ile barabara mnaijua, mawe na makorongo, na ukungu juu. Kila gari lililotokea mbele nilidhani ni lao. Njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti, "Mama nisubiri, mama nisubiri," mpaka bodaboda akaanza kunijibu, "Atakusubiri kaka."

Tukakutana kwenye kona moja chini ya kanisa.

Mama alikuwa kiti cha mbele, ameinamia mbele, mikono miwili kwenye dashibodi, mabega yamepanda mpaka masikioni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mama yangu, mwanamke wa maneno, hakuwa na neno hata moja. Alinitazama tu.

Na Felista pembeni yake alikuwa amekumbatia ile chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kitako, ambayo mama alifundishwa hospitali kuvutia dawa. Kwenye ile haraka dada yangu alikuwa ameikumbuka chupa. Pampu ya kuchomeka hakuwa nayo, kwa sababu yangu.

Nikachomeka ya bluu. Nikabonyeza, mama akavuta kidogokidogo. Nikabonyeza tena. Tena. Baba mdogo akasema, "Panda tuondoke, utaendelea kumpa njiani." Nikajipenyeza pale mbele, nusu nimekaa nusu nimesimama, tukashuka hivyo mpaka hospitali. Karibu na mjini nikasikia kifua chake kimeanza kupiga miluzi. Mwanzo kilikuwa kimya. Sikujua kwamba kile kimya ndicho cha kuogopesha zaidi, nimeambiwa baadaye.

Walimpokea mbio. Oksijeni, sindano, na ile barakoa inayotoa dawa kama mvuke. Sisi tukabaki kwenye benchi. Baba mdogo anasali, Felista hanitazami.

Niliwaza mengi pale. Niliwaza nitawaambiaje watu. Mama Deo amekufa kwa nini? Kwa sababu mwanawe alisoma habari za mbwa.

Mchana nesi akamwita Felista ndani. Alikaa dakika chache, akatoka anacheka na machozi yanamtoka.

"Anauliza ng'ombe wamekula?"

Jamani. Nilikaa chini sakafuni. Nililia mbele za watu, mtu mzima, na wala sikuona aibu. Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia hadi mlinzi wa mlangoni. Baba mdogo akasema, "Waambie wamekula," na mabua mengi tulikuwa tumeyaacha barabarani.

Baadaye daktari akaniita pembeni. Dada mmoja kijana tu, mpole. Akauliza kwa nini mama aliacha dawa. Ningeweza kudanganya kwamba ziliisha. Sijui nini kilinishika, nikamtolea simu, nikamwonyesha ule waraka.

Aliusoma. Hakunicheka.

"Kaka, hujatunga. Imeandikwa kweli. Sasa endelea kusoma hapo chini."

Ilikuwa ile sentensi niliyoiruka. Nikaisoma polepole. Inasema umuhimu wa matokeo haya kwa binadamu haujulikani. Basi! Hayo ndiyo yale maneno ya kitaalamu niliyomfichia mama.

Akaniuliza, "Unafanya kazi gani?"

"Nina duka la dawa za mifugo."

Hapo ndipo alipocheka. "Mteja akija kununua dawa, unamuuliza nini kwanza?"

"Ng'ombe ana kilo ngapi."

"Enhe. Na huyu mbwa alikuwa na kilo ngapi? Alipewa kiasi gani? Alivuta pumzi moja mbili kama mama, au alipewaje?"

Wakuu! Mimi! Mimi ninayewafukuza wazee dukani warudi kupima ng'ombe!

Akanieleza taratibu. Kwamba maabara mara nyingi wanapandisha dozi makusudi, kupita sana ile ya mgonjwa, ili waone madhara yanaanzia wapi, binadamu asifikishwe huko. Kwamba wale mbwa na nguruwe walipewa dawa mbili kwa pamoja, na ndiyo maana madaktari wanauliza unatumia dawa gani nyingine kabla ya kukuandikia. Habari ile imewekwa kwenye waraka ili daktari awe macho, sio ili mgonjwa atupe pampu.

Halafu akaniuliza mama alikuwa anaivuta ya bluu mara ngapi kwa siku. Nikamwita Felista. Kumbe mama ile ya kahawia alikuwa ameshaipa likizo muda mrefu, anasema haimsaidii kitu kwa sababu haisikii ikifanya kazi. Kifua kikawa kinabana kila mara, kwa hiyo anaivuta ya bluu kutwa nzima. Ndiyo maana moyo ulikuwa unakwenda mbio na mikono inatetemeka.

"Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kulalamika," daktari akasema. "Madhara yapo, na kulalamika ni haki yake. Ila angekuja kulalamika hapa."

Nikauliza na kahawa je? Akasema kwa hali ya mama, baada ya kumpima moyo, kikombe chake cha asubuhi hakina shida. Narudia, ni kwa mama yangu, baada ya kupimwa. Msije mkaninukuu vibaya.

Alilazwa siku mbili, akafundishwa upya kuvuta ya kahawia kila siku na kusukutua mdomo kila akimaliza, tukampandisha nyumbani.

Sasa kwetu kuna jani linaitwa sale. Ndiyo yale majani marefu ya kijani mnayoyaona yamepandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mtu akikukosea sana, anakuletea sale. Ukilipokea umesamehe, na ni vigumu sana kulikataa. Mimi kizazi cha simu nilikuwa nimeyazoea kama uzio tu.

Siku ile nilikwenda mpakani, nikachuma moja, nikalifunga fundo, nikamkuta mama amekaa jikoni. Felista alikuwepo. Nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

Mama akaliangalia. "Umeniletea sale kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya ile sentensi niliyoiruka, mama. Uliniuliza, nikakudanganya."

Hakulia, kama nilivyowaambia mwanzo. Kisha akalipokea, akalisimamisha kwenye kopo la mezani, palepale anapoweka filimbi zake. Akasema, "Na dada yako?"

Nikatoka kwenda kuchuma la pili.

Felista alilipokea, ila alinichapa nalo begani kwanza. Nilistahili.

Nilichojifunza wakuu, nakisema kifupi maana mmeshakiona. Ukikuta habari ya kutisha kuhusu dawa, usiidharau, huenda ni ya kweli kabisa. Ila uliza kilo, uliza dozi, soma mpaka nukta ya mwisho, halafu ipeleke kwa aliyekuandikia dawa kabla hujagusa pampu ya mtu. Na kama familia wanakuona msomi, una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Neno "sijui" lingeniokoa na mengi siku ile.

Dukani nimeacha kutoa ushauri wa binadamu. Mtoto wa jirani akikohoa, nawaelekeza hospitali. Wanasema nimeanza kuringa.

Mwenye mzazi au mtoto mwenye pumu aje tuongee hapa, na wewe uliyewahi kuacha dawa kwa sababu ya kitu ulichokisoma, usione haya, huwezi kunizidi mimi. Wa kunitukana nao waje, foleni inaanzia kwa Felista.

Mama siku hizi ananipigia kila asubuhi kabla sijafungua duka. Salamu hatoi. Anasema tu:

"Deo, mbwa wako ameamka. Amevuta filimbi ya kahawia, amesukutua mdomo, sasa anakunywa kahawa."

Namsikia anavyopuliza kikombe kipoe. Pumzi ndefu kabisa, mpaka mwisho.